Sahani ya Pembeni

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu mtu akibisha hodi, hata kabla ya kumuuliza jina, namuuliza kama ameshakula. Ninyi vijana mlioanza kazi juzijuzi kwenye ofisi za vyuo hapa Kalemie mtanicheka pia. Chekeni tu, lakini vuteni viti. Tabia hiyo sikuipata kwa ukarimu, maana mimi si mkarimu kiasi hicho, muulizeni mke wangu. Niliipata kazini.

Nilikuwa apariteri wa chuo kidogo kilichoko juu ya kilima, pale ambapo ukisimama mlangoni unaona ziwa mpaka macho yachoke. Apariteri ndiye mtu wa kuandikisha wanafunzi. Anapokea dosie, yaani jalada la maombi, anakagua diploma, anapanga siku ya mahojiano, na akishamaliza yote hayo analaumiwa na kila aliyekosa nafasi. Chuo kilikuwa cha mapadri. Kilifundisha lugha, historia, falsafa na ualimu, na wanafunzi wote walilala palepale, kwa hiyo hesabu ya vitanda ndiyo iliyoamua hesabu ya wanafunzi. Na vitanda vilikuwa vichache.

Mtauliza: huyu Ramazani anayefunga mwezi mtukufu, ambaye babu zake walivuka ziwa na bidhaa zao za biashara, aliingiaje kwenye ofisi ya mapadri? Niliingia kwa sababu hakuna aliyejua aniweke wapi. Waluba walidhani naegemea Watabwa, Watabwa walidhani naegemea Wabembe, na Waholoholo walisema mimi ni mtu wa Kigoma aliyesahau kurudi kwao. Mkuu wa chuo, padri ambaye sote tulimwita Abé Direktere, aliniambia siku ya kwanza, "Papa Ramazani, kazi hii inataka muntu ambaye kila mumoja anamushuku sawasawa." Nilidhani ananitania. Baada ya msimu mmoja wa kuandikisha nikajua hakuwa anatania hata kidogo.

Chuo kikubwa kinaweza kujifanya hakijui kabila la mtu, kwa sababu watu ni wengi na hakuna mwenye muda. Chuo kidogo hakiwezi. Ukiwa na vitanda vichache, kila mtu mjini anajua kitanda fulani kinalala mtoto wa wapi. Ndiyo maana sisi tulikuwa na kitu tulichokiita ekilibri: kila teritware, yaani wilaya, ya jimbo ipate fungu lake. Moba fungu lake, Kongolo lake, Nyunzu, Kabalo, Manono, na sisi wa Kalemie. Lilikuwa wazo zuri. Lilizuia kabila moja kujaza nyumba nzima. Lakini lilizaa vituko ambavyo nikiwa peke yangu bado vinanichekesha.

Fungu la Moba lilijaa haraka kila mwaka, kwa sababu shule za misioni za kule zinatoa watoto wengi wenye diploma nzuri. Mwaka mmoja kijana wa Moba, ambaye mama yake namjua na baba yake namjua, alifika mbele ya tume ya mahojiano akiwa ni mtu wa Kabalo. Alihama teritware nzima bila kupanda gari moshi. Aliyekuwa akiuliza maswali ni mkuu wa masomo, Papa Sekretere, mtu wa tai na leso, mwadilifu kwa karatasi na mwoga wa maneno ya watu. Akamuuliza, "Kwenu Kabalo, mto unapita upande gani wa stesheni?"

Kijana akafikiri, akajibu, "Inategemea na mvua, Papa."

Hata Abé Direktere alishindwa kuzuia kicheko, akainama kama anatafuta kitu chini ya meza. Kijana yule hakupata kitanda, lakini mwaka uliofuata alirudi akiwa mtu wa Moba tena na akakipata.

Baadaye Abé alinitaka nifunike majina, maana hapa kwetu jina linamtangulia mtu: ukisikia jina la baba yake umeshajua kabila lake, na mwenye tabia mbaya ameshajua na namna atakavyomchukia. Nikampa kila mwombaji namba, majina nikayajua mimi tu. Nilijiona mjanja. Papa Sekretere akaokota karatasi ya kwanza ya majibu, akatazama herufi zilivyolala, akasema, "Huyu ni wa Moba. Huu njo mwandiko wa masista." Na alikuwa sahihi! Tangu siku hiyo ikabidi majibu niyasome mwenyewe kwa sauti, tume inasikiliza bila kuona karatasi. Namba zikafanya kazi kwa maandishi. Nyuso, je? Mwombaji lazima asimame mbele ya tume, na uso huwezi kuufunika kwa namba.

Sasa ile habari ya chakula. Kijana mmoja wa Kongolo aliletwa na gari moshi lililomchosha njiani siku nzima na usiku wake, akaingia kwenye mahojiano amekauka. Kila swali, kimya. Papa Sekretere akaandika kuwa ni mzito wa kichwa, na mwenzake akaongeza kwa sauti ya chini kwamba watu wa upande ule ndivyo walivyo. Nikamshika mkono kijana, nikampeleka jikoni kwa Mama Generoza, mpishi wetu. Alipokwisha kushiba nikamrudisha, akaongea mpaka tume ikamwomba akae chini. Hakuwa na uzito wowote, alikuwa na njaa. Kwa hiyo, vijana, msimuulize mtoto anatoka wapi. Muulizeni amefikaje, na muulizeni amekula nini. Kosa la njaa likiandikwa kwenye hesabu ya kabila zima, halifutiki kirahisi.

Kutokana na kijana yule Abé aliweka desturi. Siku ya mahojiano, waombaji wote wanakula kwanza, na wanakula namna wanafunzi wetu walivyokula siku zote: wanne kwa sahani moja, kwenye mikeka, veranda ya jikoni. Aliwaambia tume, na mimi nilikuwepo, "Mwenye kushindwa kula na wenzake, hataweza kulala na wenzake. Huyo asiingie hapa, hata kama ana diploma ya dhahabu." Tukaitikia wote. Ni rahisi kuitikia kitu kabla hakijakufika.

Kikatufika mwaka aliokuja Feza.

Aliingia ofisini kwangu asubuhi, msichana mrefu mwenye jupe, sketi ya shule, iliyopauka kwa kufuliwa. Nikamuuliza kama amekula.

"Hapana, Papa. Lakini sikukuja kwa ajili ya chakula. Nimeleta dosie."

Diploma yake ilikuwa safi, nzuri kuliko nyingi nilizokuwa nazo mezani. Nikaanza kumwandikia namba. Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Papa, ngoja niseme kabisa. Miye ni Mutwa. Kwetu ni Nyunzu, lakini tangu tulikimbia vita tunakaa kule Katanika, kwa kambi. Kama hapa hamupokeaka Batwa, uniambie sasa."

Nikamwambia hakuna sheria inayomkataza. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba hakuna Mtwa hata mmoja aliyewahi kulala kwenye vitanda vile. Fungu la Nyunzu lilikuwepo kila mwaka, na kila mwaka lilikwenda kwa mwingine, na tulijipooza kwa kusema kwamba wao hawajaomba. Ninyi mnajua damu iliyomwagika kati ya Watwa na jirani zao, sihitaji kuwaeleza. Lakini hata kabla ya damu, enzi za amani, watu wa kabila zote hapa waliwauzia Watwa, watu wa msituni, chumvi, wakanunua asali yao na dawa zao, na hawakugusa sahani moja nao. Mimi nimezaliwa na kukulia mji huu, na mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kula na Mtwa, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Feza akaniambia jambo ambalo lilinikaa kifuani wiki zote zilizofuata. "Nina wadogo zangu wawili. Wameacha masomo, wanachoma makala na Baba, mkaa wa kuuza. Wanasema, diploma ya Mutwa inaenda wapi? Wanangoja kuona kama nitapokelewa. Nikikataliwa, Papa, hawatarudi shule tena."

Basi mnaona uzito ulivyokuwa. Kitanda kimoja, lakini watoto watatu wangelala juu yake.

Kalemie habari haina haja ya miguu. Kabla ya siku ya mahojiano kufika, tume nzima ilishajua kwamba kati ya waombaji yumo Mtwa mmoja. Papa Sekretere akaja kuniuliza ni namba ngapi. Nikamwambia namba ni za Abé, akamuulize Abé. Akaondoka akifuta shingo kwa leso.

Siku ikafika. Asubuhi waliandika. Adhuhuri wakatoka veranda, mikeka imetandikwa, bugali ya muhogo inatoa moshi, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mikebuka wa kukaanga ambao harufu yake ilikuwa inanitesa hata mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko nikipanga makundi ya wanne wanne. Nyuma yangu nikasikia Papa Sekretere anamnong'oneza Mama Generoza.

"Ule mufupi pale, umuwekee sahani yake pembeni. Siyo ubaya, Mama. Ni ili wengine wasisimame."

Nikageuka kuona anaonyesha nani. Alikuwa anamwonyesha Dezire.

Dezire alikuwa kijana wa milima ya Marungu, upande wa Moba, Mtabwa kamili, mtoto wa katekista. Ni kweli alikuwa mfupi. Papa Sekretere, msomi yule aliyetambua mwandiko wa masista kwa mbali, alikuwa amemtafuta Mtwa kwa kupima urefu, kwa kuwa watu husema Watwa ni wafupi! Watwa wa kwetu wengi ukiwasimamisha na jirani zao huoni tofauti, na kila mtu aliyewahi kwenda sokoni analijua hilo. Lakini hofu ikimshika mtu, anasahau hata kile alichokiona jana.

Nilitaka kusema neno, nikachelewa. Mama Generoza alikuwa mama mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Kwa kumhurumia huyo aliyemdhani kuwa Mtwa, akamchagulia samaki mkubwa kuliko wote, akaweka sahani pembeni, karibu na nguzo, akamwambia, "Weye, baba, ukule hapa."

Na Dezire akafurahi. Alidhani ameheshimiwa! Akanyoosha shati, akakaa peke yake kama bwana harusi, akanawa, akaanza kula huku akiwatazama wenzake waliobanana wanne wanne kwa samaki wadogo. Kwenye mkeka wa karibu alikaa Feza na wengine watatu, mmoja wao msichana wa Kongolo mwenye mdomo mwepesi, jina lake Astrida. Mikono inaingia sahanini, inatoka, wanacheka, wanaulizana maswali ya mtihani. Hakuna aliyejua lolote.

Kisha mnong'ono ukapita. Sijui nani aliuanzisha. Uliruka mkeka hadi mkeka: yule wa pembeni ni Mutwa, ndiyo sababu. Nikaona macho yanamgeukia Dezire. Na Dezire akasikia. Tonge likasimama karibu na mdomo. Uso wake sitausahau. Kijana aliyekuwa bwana harusi dakika moja iliyopita akawa hajui mikono yake aiweke wapi. Hakukana, hakulia. Alitazama tu yule samaki mkubwa kana kwamba samaki ndiye aliyemsaliti. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto.

Kabla sijafungua mdomo, Feza akasimama. Akapangusa vidole, akatembea mpaka kwenye nguzo, akainama kidogo kwa heshima mbele ya Papa Sekretere.

"Papa, mumekosea muntu. Hii sahani ni yangu."

Mikono ikasimama juu ya sahani. Nilisikia mafuta yakilia jikoni. Akaendelea, bila kupandisha sauti, "Miye njo Mutwa. Huyu mumuache arudi kwa wenzake."

Sasa wote wakautazama mkeka aliotoka. Wale watatu walikuwa wamekaa, vidole vyao vina bugali ileile aliyoikata yeye. Mmoja alitazama mkono wake mwenyewe. Nilijisemea, Ramazani, wakisimama hawa, yamekwisha. Kitanda kimekwenda, na wadogo zake wamekwenda nacho.

Astrida wa Kongolo akameza alichokuwa nacho mdomoni. Akasema, "Sasa? Si tumekula naye nusu ya sahani? Nani amekufa? Feza, rudi ukae, bugali inapoa."

Mtu akacheka. Halafu mwingine. Na Dezire, Mungu ambariki kijana yule, akanyanyua sahani yake ya pembeni kwa mikono miwili, akaja nayo mpaka kwenye mkeka wao, akajipenyeza. "Samaki ni mukubwa," akasema, "miye peke yangu nilikuwa naenda kumushindwa." Wakawa watano kwa sahani mbili. Nikageuka kumtafuta Papa Sekretere. Alikuwa ameingia ofisini na kufunga mlango.

Mchana wakahojiwa. Jioni tume ikakaa, na mimi kwenye kona na karatasi zangu. Namba ya Feza ilipofika, hakuna aliyesema ana alama mbaya, kwa sababu hakuwa na alama mbaya. Papa Sekretere ndiye aliyeanza. Alisema hana ubaya na mtu. Alisema wazazi watawatoa watoto wao, wasichana watakataa bweni moja naye, chuo ni kidogo, hakiwezi kubeba vita ya jimbo zima. Alisema labda mwaka ujao. Wawili wakatikisa vichwa kukubali, na mimi roho ikaanza kushuka, maana niliifahamu hiyo "mwaka ujao." Nilishawaandikia wengi, na hawakurudi.

Abé Direktere akaniuliza, "Papa Ramazani, ulikuwa pale veranda. Kuna mwombaji aliyesimama akaacha chakula?"

"Hapana, Abé. Aliyesimama ni mmoja tu, na alisimama kwenda kuomba sahani yake."

"Wale wengine walimaliza?"

"Walilamba mpaka sahani ya pembeni."

Abé akamgeukia Papa Sekretere. Hakumkaripia. Aliongea naye kama mtu anavyoongea na ndugu. "Tulisema, mwenye kushindwa kula na wenzake asiingie hapa. Wote walikula. Leo walioshindwa ni sisi, na sisi tuko ndani tayari. Sasa tunajadili nini?"

Papa Sekretere akalegeza tai. Akatoa leso, akairudisha. Mwishowe akavuta orodha kwake, akaniuliza bila kunitazama, "Jina lake kamili ni nani, Papa? Niandike vizuri." Wengi tangu hapo wamenisimulia habari za huyo mzee kwa kumsema vibaya, na mimi huwa nawakatiza. Ni yeye aliyeliandika, kwa mkono wake, kwenye fungu la Nyunzu.

Nilitoka nje, na sioni aibu kuwaambia kwamba machozi yalikuwa yananitoka. Niliegemea ukuta, nikavuta hewa ya ziwa mpaka chini kabisa ya kifua. Wiki zote zile nilikuwa napumua nusunusu bila kujua.

Feza alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni. Wenzake walishashuka mjini. Aliponiona alisimama, akanitazama usoni, na nadhani alisoma vibaya machozi yangu, kwa sababu akayawahi maneno yangu.

"Hakuna tatizo, Papa. Nirudi tu Katanika."

"Rudi," nikamwambia. "Ukalete godoro."

Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, akakaa tena chini, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kucheza. Nilimwacha. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na swali lake la kwanza lilikuwa la mtu wa kambini.

"Papa, godoro hatuna. Tunalala kwa mukeka."

Mama Generoza alikuwa nyuma yetu mlangoni, anafuta mikono kwa kitenge. Tangu adhuhuri hakuwa amesema neno, na Mama Generoza kunyamaza ilikuwa habari kubwa kuliko zote za siku ile. Akashuka ngazi, akasimama mbele ya Feza.

"Ya binti yangu iko pale nyumbani. Aliolewa, inalala bure. Twende uichukue." Akaanza kutembea, akasimama, akageuka. "Lakini utakula kwanza. Miye na weye, kwa sahani yangu. Na usikate matonge makubwa, mutoto, nilikuona pale veranda!"

Wakateremka kilima pamoja, mama akiendelea kulalamika juu ya matonge, msichana akicheka. Jua lilipozama walipanda tena. Godoro lilikuwa kichwani kwa Mama Generoza.